Naombeni msaada: natafuta DVT kwenye noti za madaktari, kompyuta inaniletea hata wasio nayo

mtafuta_data

Habari zenu wakuu. Nimekwama naomba mnisaidie mawazo. Nina utafiti mdogo, nataka kujua ni wagonjwa gani walipata DVT (damu kuganda kwenye vena za ndani, hasa za mguu) WAKIWA WAMELAZWA, sio wale waliokuja nayo kutoka nyumbani. Data ninayotumia ni MIMIC-IV, ile ya hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston inayotolewa kupitia tovuti ya PhysioNet, mafunzo yao nimeshapita na mkataba nimesaini. Upande wa noti kuna mihtasari ya kumruhusu mgonjwa zaidi ya laki 3 na ripoti za radiolojia zaidi ya milioni 2, kwa hiyo kusoma kwa macho hata tukiwa watu kumi haiwezekani.

Mwanzo nilitaka nitumie misimbo ya ICD (ya kuainisha magonjwa) tu, ila hiyo inawekwa mgonjwa akishatoka, lengo lake kubwa ni malipo, na haikwambii tatizo lilianza siku gani ya kulazwa. Basi nikasema niingie kwenye maandishi yenyewe. Nikaandika regeksi (muundo wa kutafuta maneno) ya "DVT" na majina yake mengine, ikaniletea noti kibao, nikafurahi, halafu nikaanza kufungua mojamoja nikakuta nyingi mgonjwa hana DVT kabisa. Noti zenyewe ni za Kiingereza, hapa naandika kwa maneno yangu tu sio nukuu ya noti ya mtu, ila vitu vyenyewe ni vya aina hii: "miguu haijavimba, hakuna dalili za DVT", "mama yake aliwahi kupata DVT", "apigwe ultrasound tuone kama ni DVT", "alipata DVT miaka mingi nyuma baada ya upasuaji", "ukifika nyumbani ukaona mguu umevimba rudi haraka inaweza kuwa DVT", na iliyojaa kuliko zote ni "kinga ya DVT: heparin chini ya ngozi", yaani dawa ya kuzuia damu isigande. Hiyo ya kinga ipo karibu kila noti ya aliyelazwa!

Sasa maswali yangu. Hapa nitumie sheria za kuandika kwa mkono, au nifundishe modeli ya aina ya BERT (modeli ndogo ya kusoma maandishi, unaifundisha kwa mifano yako), au niende moja kwa moja kwenye hizi modeli kubwa za lugha niiulize tu "huyu alipata DVT akiwa wodini ndio au hapana"? Na nianzie wapi maana kila makala ninayosoma inaanza na modeli, hakuna inayosema kazi inaanzia wapi.

---

chambua_maandishi

Mkuu karibu sana, na hongera kwa kufungua noti ukasoma kabla ya kuamini hesabu, wengi wanaishia kwenye hesabu.

Kitu cha kwanza kabla hujachagua modeli: neno kuwepo kwenye noti na ugonjwa kuwepo kwa mgonjwa ni mambo mawili tofauti, na kazi yako yote imekaa katikati ya hayo mawili. Kila ukikutana na neno DVT kuna maswali lazima ujibu. Limethibitishwa au limekanushwa? Ni la mgonjwa au la ndugu yake? Ni la sasa au la zamani, au ni la "endapo litatokea"? Daktari ana uhakika au anashuku tu? Haya sio mambo ya kwangu, shindano la i2b2 la mwaka 2010 (la kompyuta kusoma noti za hospitali) lilifanya hivyohivyo, kila tatizo lililotajwa kwenye noti liliwekwa kwenye kundi moja kati ya 6: lipo, halipo, huenda lipo, linatokea kwa masharti fulani tu, ni la kudhania mbele ya safari, au ni la mtu mwingine. Ukiangalia mifano yako hapo juu karibu yote inaingia humo.

Kwa ukanushi kuna algoriti ya zamani inaitwa NegEx, ya Wendy Chapman na wenzake, 2001. Ni nyepesi sana, ina orodha ya vishazi vya kukanusha, ikikuta kimoja inahesabu maneno machache yanayofuata (kwenye toleo la mwanzo ni matano) na ugonjwa wowote ulio ndani ya hayo maneno inausoma umekanushwa. Udhaifu wake utauona kwenye sentensi za orodha ndefu. Chukua "hakuna homa, kikohozi, kichefuchefu, kuhara wala maumivu ya kifua, ila mguu wa kushoto umevimba". Ukihesabu maneno machache tu ukanushi unaishia njiani na maumivu ya kifua yanahesabika yapo, ukiongeza maneno mpaka mwisho wa sentensi na mguu uliovimba nao unaambiwa haupo. Ndio maana zikaongezwa alama za kusimamisha, yaani ukikuta "ila" au "lakini" ukanushi unakata hapohapo. Baadaye ikaja ConText ambayo ni NegEx iliyopanuliwa, inaangalia pia tatizo ni la nani na ni la wakati gani. Huhitaji kuziandika upya, ingia maktaba ya medspaCy ya Python utaikuta ConText, unaongeza vishazi vyako tu.

Ila sasa angalia ile ya kinga, maana hiyo ndio itakayokuua. "Kinga ya DVT" haijakanushwa, ni ya mgonjwa mwenyewe, ni ya leo, na daktari hana shaka nayo hata kidogo. Inapita kwenye maswali yote manne na bado sio ugonjwa! Hapo hakuna algoriti ya jumla itakayokuokoa, lazima uandike sheria yako kwamba DVT ikiambatana na maneno ya kinga hilo sio tajo la ugonjwa, litupwe kabla halijafika popote. Kila ugonjwa una kitu chake cha namna hii na hukijui mpaka usome noti.

Halafu tenganisha noti kwa vichwa vyake. Muhtasari wa kuruhusiwa una historia ya familia, magonjwa ya zamani, mwendo wa matibabu wodini, dawa za kuondoka nazo, maelekezo ya nyumbani. DVT ikitokea kwenye historia ya familia au maelekezo ya nyumbani huna haja ya akili bandia yoyote, jina la sehemu limeshakujibu.

---

nesi_wa_wodi

Habari zenu. Mimi sio mtu wa kompyuta ila noti hizi ndio maisha yangu kwa hiyo naomba niongeze ya upande wetu.

Kaka mtafuta_data, kwa swali lako ungeanza na ripoti za ultrasound kabla ya muhtasari wa kuruhusiwa. Muhtasari unaandikwa mwishoni, na mwandishi yuko na haraka, vipande vingi vimenakiliwa kutoka noti za siku zilizopita, ndio unakuta noti inasema "tunasubiri majibu ya ultrasound" wakati majibu yametoka siku nyingi na mgonjwa kashaanza dawa. Ripoti ya ultrasound ina muda wake yenyewe, na wewe shida yako kubwa ni LINI.

Ila ukiingia huko ujue kwamba anayepima anaandika alichokiona, neno DVT anaweza asiliandike kabisa. Ultrasound ya mguu inafanywa kwa kubonyeza vena na kifaa, vena isiyo na damu iliyoganda inabonyea inajifunga, yenye damu iliyoganda haibonyei. Sasa ripoti inaweza kusema tu "vena zote zinabonyea vizuri na damu inapita" na huyo ni mtu asiye na DVT, au "vena ya nyuma ya goti haibonyei, kuna kitu ndani" na huyo anayo, na regeksi yako imewapita wote wawili bila kuwaona. Yaani mpaka sasa umeangalia waliookotwa kimakosa, bado hujaangalia walioachwa.

Kuna mtego mwingine naomba uuandike mahali usiusahau. Kuna vena ya paja ambayo jina lake la zamani kwenye ripoti linaitwa superficial femoral vein. Jina linasema ya juujuu lakini ni vena ya NDANI. Damu ikiganda humo ni DVT kamili na inatibiwa kama DVT. Watu wa afya wenyewe wamewahi kuchanganywa na jina hilo ndio maana likashauriwa liachwe isemwe femoral vein tu, lakini ripoti za zamani limejaa. Ukiandika sheria kwamba palipo na "superficial" sio DVT utawatoa wagonjwa wa kweli, na hao ndio wale ambao damu inaweza kukatika ikapanda mpaka kwenye mapafu. Hili naliona ni la kuumiza sana maana kosa litakuwa kimya, hakuna atakayeliona kwenye jedwali lako.

Lingine ni dozi. Enoxaparin (nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda) ya kinga kwa kawaida ni 40 mg mara moja kwa siku, ya kutibu ni 1 mg kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12. Kwa hiyo mtu wa kilo 80 ukiona 80 mg asubuhi na 80 mg usiku hiyo sio kinga. Apixaban, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, inasaidia zaidi, anayeanza kutibiwa damu iliyoganda anapewa 10 mg mara mbili kwa siku kwa siku 7 ndio anashushwa 5 mg, wakati yule wa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio anaanza na 5 mg au 2.5 mg, hiyo 10 hapewi. Ukiiona 10 mara mbili kwa siku ujue kuna damu imeganda mahali, mguuni au kwenye mapafu. Hii ni dalili ya kukusaidia tu, usiifanye ndio jibu, mtu anaweza kuwa kwenye dozi kubwa ya enoxaparin kwa ajili ya vali ya moyo na mguu wake ni mzima kabisa.

---

mtafuta_data

Dada nesi_wa_wodi asante sana aisee, hili la kubonyea sikulijua kabisa, na la vena ya paja ndio kabisa, nilikuwa nimeshaandika kwenye orodha ya vishazi vya kuondoa kwamba chochote cha "juujuu" kitoke. Naitoa leoleo.

Ila sasa naona sheria zinakuwa nyingi mpaka naogopa. Kwa nini nisichukue modeli kubwa ya lugha, nikaipa ripoti nzima, nikaiambia isome kama daktari inipe jibu? Si inajua hayo yote ya kubonyea?

---

mlinzi_wa_faili

Kabla hujaendelea na hilo wazo, soma tena mkataba uliosaini. Data ya MIMIC huruhusiwi kumpa mtu mwingine, na kubandika noti kwenye huduma ya mtandaoni ya kampuni ni kumpa mtu mwingine, PhysioNet wenyewe wameshalitolea maelekezo wakasema hivyo. Haijalishi kwamba majina yamefutwa. Kwa hiyo kama ni modeli kubwa basi ni ile unayoshusha unaiendesha kwenye seva yako mwenyewe, au njia ambayo PhysioNet wameikubali kwa maandishi. Kwenye hili hakuna kuombana.

Na msidanganyike kwamba kufuta majina ni kazi nyepesi. Kanuni ya HIPAA ya Marekani (ya faragha ya wagonjwa) kwenye njia yake ya orodha ina aina 18 za vitambulisho vya kuondoa, majina na simu ndio rahisi, ngumu ni tarehe (unabaki na mwaka tu), maeneo madogo, umri wa zaidi ya miaka 89 ambao lazima uunganishwe kuwa kundi moja la 90 na kuendelea. Na noti ina vitu ambavyo hakuna orodha itakayovishika, mtu akiandikwa kazi yake ya kipekee na ajali aliyoipata ambayo ilitangazwa, anajulikana hata bila jina. Huyu ni mtu aliyemweleza daktari mambo yake akiwa anaumwa, hakujua kuna siku yatasomwa na kompyuta ya utafiti. Tumwekee heshima hiyo.

Na kuna athari kwenye kazi yako pia. Kwenye noti za MIMIC-IV vitambulisho vimewekewa mistari mitatu ya chini, pamoja na tarehe zilizoandikwa ndani ya maandishi. Kwa hiyo ukitegemea kusoma "alipimwa tarehe fulani" ndani ya noti hutaipata. Tarehe za kwenye majedwali zimesogezwa mbele lakini kwa mgonjwa mmoja zote zimesogezwa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo tofauti kati ya muda wa kulazwa na muda wa ripoti ya ultrasound ni ya kweli. Tumia hiyo. Ndio maana ushauri wa nesi wa kuanzia kwenye ripoti ni sahihi hata kwa upande wa data.

---

bonde_la_tokeni

Mimi niko upande wa modeli kubwa (ya kuendesha mwenyewe sawa mlinzi umesema kweli) maana sheria ukizidisha zinaanza kugombana zenyewe kwa zenyewe, unarekebisha hii inavunjika ile, na hizi modeli kwenye ripoti fupi kama ya ultrasound zinafanya kazi nzuri sana zinajua kabisa vena isiyobonyea maana yake nini. Kinachowaangusha watu ni jinsi ya kuuliza, mtu anauliza "ana DVT ndio au hapana" modeli inalazimika kuchagua hata pale ambapo ripoti yenyewe haisemi.

Nachofanya mimi, naipa majibu ya kuchagua: ipo, haipo, inashukiwa, ni ya zamani, haikuonekana vizuri, haijazungumzwa. Naitaka inakili neno kwa neno kipande cha ripoti kilichoifanya ijibu hivyo, halafu skripti yangu inakitafuta kile kipande ndani ya ripoti, kisipopatikana jibu linatupwa linaenda kusomwa na mtu. Hii inakamata uzushi mwingi. Haikamati wote maana inaweza kunakili kipande cha kweli na bado ikakielewa vibaya, ila angalau kosa linakuwa na ushahidi wake pembeni unaliona kwa jicho.

Kuhusu BERT uliyouliza, ile ya noti za hospitali ya Emily Alsentzer na wenzake ya 2019 imefundishwa juu ya noti za MIMIC-III kwa hiyo lugha ya madaktari inaijua, ila inasoma tokeni (vipande vya maneno) 512 tu kwa mkupuo. Ripoti ya ultrasound inaingia vizuri, muhtasari wa kuruhusiwa hauingii hata robo wakati mwingine, na ukiukata kibubu unaweza kukata sentensi inayosema "hakuna" ukaiacha upande mmoja na ugonjwa upande mwingine. Kata kwa vichwa vya sehemu kama chambua alivyosema.

---

chambua_maandishi

bonde nakubaliana na wewe kwenye kipande cha kunakili, hiyo ni nzuri. Nisichokubali ni kuanza na modeli kubwa kwenye ripoti milioni 2. Nyingi ni eksirei za kifua na CT za kichwa, hazihusiani na vena za mguu hata kidogo. Chuja kwanza kwa aina ya kipimo, hapo unabaki na sehemu ndogo sana, kisha sheria zikamate zile zilizo wazi (vena zote zinabonyea, hakuna damu iliyoganda), zinazobaki ambazo zina utata ndio uipe modeli. Na faida yake sio kuokoa umeme wa kompyuta tu, sheria ikikosea unafungua faili unaona mstari uliokosea unaurekebisha, modeli ikikosea unabaki kubahatisha maneno ya kuiuliza.

Lakini wakuu, sheria au modeli, zote ni kelele tupu kama huna noti zilizosomwa na binadamu za kupimia. Hapo ndipo mtafuta_data aweke nguvu zake. Chukua ripoti mia chache, zisomwe na watu wawili kila mmoja kivyake bila kuonana majibu, mkalinganishe. Zile mlizotofautiana ndio dhahabu, kila tofauti inakuonyesha swali ambalo hukulijibu kwenye miongozo yako. Mfano damu iliyoganda ya zamani ambayo imebaki kama kovu, inahesabika? Ya mkono iliyotokana na mrija wa dawa je? Vena za ndama tu je? Kabla hamjakubaliana kwa maandishi, msipime modeli yoyote. Makubaliano yenu pimeni kwa kappa (kipimo kinachoondoa kukubaliana kwa bahati tu), asilimia peke yake inapamba mambo pale ambapo jibu moja ndilo la kawaida.

Na hilohilo kwenye kupima modeli. Tuseme katika ripoti 100 wenye DVT ni 2, modeli inayosema "hana" kwa kila mtu inapata 98 kati ya 100 na haijamwona mgonjwa hata mmoja! Kwa hiyo toa taarifa ya mambo mawili tofauti: kati ya iliowataja ni wangapi kweli wanayo, na kati ya walio nayo imewaona wangapi. Kwa kazi yako hilo la pili ndilo gumu kulipima maana walioachwa hawajitokezi wenyewe. Usichukue sampuli kutoka kwenye zilizookotwa tu, chukua na zile ambazo regeksi ilisema hamna kitu, na chukua makusudi wale wenye msimbo wa ICD wa DVT lakini maandishi hayakuonyesha, hapo utakutana na kubonyea na vena ya paja na vingine ambavyo hata nesi hajavitaja.

La mwisho, ukigawa data ya kufundishia na ya kupimia gawa kwa mgonjwa, sio kwa noti. Mgonjwa mmoja ana ripoti nyingi zinazofanana neno kwa neno, zikiingia pande zote mbili modeli inakuwa imekariri tu na wewe unaona alama nzuri.

---

mgeni_hapa

samahani naingilia kidogo, mimi noti zangu ni za kuandikwa kwa mkono zimeskaniwa PDF haya mambo yananihusu?

---

chambua_maandishi

@mgeni_hapa yanakuhusu ila una hatua moja kabla, kugeuza picha kuwa maandishi, na kwa mwandiko wa mkono makosa ni mengi. Angalia namba kwanza kuliko maneno. Nukta ikipotea 1.0 mg inasomeka 10 mg, na Marekani hiyo sifuri ya mwisho iko kwenye orodha ya Joint Commission (taasisi inayokagua hospitali) ya vitu visivyotakiwa kuandikwa, kwa sababu hata binadamu wanaikosea. Fungua uzi wako tutakujibu vizuri.

---

nesi_wa_wodi

Nina jambo moja bado, naona halijaguswa. Mtu ambaye hana ripoti ya ultrasound usimwandike "hana DVT". Mwandike hajapimwa. Wodini anapimwa aliyelalamika au aliyeonekana mguu umevimba, na yule ambaye hawezi kuongea, yuko kwenye mashine ya kupumulia, mguu umefunikwa na shuka, huyo anaweza kuwa nayo na hakuna aliyeitafuta. Ukimweka kwenye kundi la wasio nayo utafiti wako utasema wagonjwa mahututi wako salama kuliko walivyo. Naomba sana hilo.

---

mtafuta_data

Wakuu hamjui mlivyonisaidia. Nimekaa nimeandika upya mpango: nachuja ripoti za ultrasound za vena kwanza, natenga zilizofanyika baada ya kulazwa kwa kutumia muda wa majedwali, sheria kwa zilizo wazi, modeli ya kwenye seva ya chuo kwa zenye utata na lazima inakili kipande. Muhtasari wa kuruhusiwa nitautumia kuhakikisha tu, hasa kujua kama alikuwa nayo zamani. "Hajapimwa" imekuwa kundi lake.

Nina maswali mawili yamebaki. Mpaka wa muda niweke saa ngapi baada ya kulazwa ndio nihesabu kaipatia wodini? Na zile ripoti zinazosema "vena za ndama hazikuonekana vizuri" kisha mwisho zinasema "hakuna DVT iliyoonekana", hizo ni hana au haijulikani?

---

nesi_wa_wodi

La ndama: kama vena za kuanzia nyuma ya goti kwenda juu zote zimeonekana na zinabonyea, kwetu mgonjwa huyo kwa siku hiyo hana DVT ya juu, lakini ndama haijulikani. Zifanye lebo mbili tofauti, ya kuanzia goti kwenda juu na ya ndama, usizichanganye. Halafu angalia kama alipigwa ultrasound nyingine ndani ya wiki inayofuata, maana daktari akiendelea kushuku huwa anarudia, na ya pili ikionyesha damu imepanda juu basi ya kwanza isikae kwenye faili lako kama "hana". La saa mpaka uangalie na wodi, aliyelazwa kwa upasuaji wa nyonga na aliyelazwa kwa nimonia mguu umeshavimba siku tatu hawafanani.

---

chambua_maandishi

La muda chagua mpaka mmoja uuandike wazi kabla hujaona matokeo, mfano saa 48, halafu rudia hesabu nzima kwa 24 na kwa 72 uone kama jibu lako linayumba. Likiyumba sana waonyeshe wasomaji yote matatu.

Na ile "hazikuonekana vizuri" usiifute wala kuilazimisha. Watu wa Stanford walipotoa CheXpert mwaka 2019, hazina ya picha za kifua zaidi ya laki 2, programu yao ya kusoma ripoti ilikuwa na lebo ya "haina uhakika" kwa magonjwa waliyotafuta, kisha wakajaribu njia mbalimbali za kuitumia wakaona njia inayofaa inatofautiana kutoka ugonjwa mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo iweke kama ilivyo, uamuzi wa kuitumia vipi ufanye baadaye kwenye uchambuzi, maana ukishaigeuza "hana" mwanzoni huwezi kuirudisha.

Miongozo yenu ya kuweka lebo ikishakamilika ilete hapa bila noti yoyote ndani, mimi na nesi tutaipitia.